Usitafute jina la babu, tafuta aliyeandikiana naye

Mbukwenyi wadau. Safari iliyopita niligusia karatasi za baba yangu mdogo, mwalimu wa huku Ugogo aliyekusanya methali na nyimbo miaka ya 60, daftari zake zikapotea na mimi nikaja kuzikuta kwenye maktaba moja ya Ulaya. Maswali yamemiminika, nachukua haya.

Nimetafuta jina la babu kwenye katalogi za nje mpaka nimechoka, halipo. Niache? (Mjukuu, Mpwapwa)

Usiache mwanangu, ila acha kutafuta jina la babu, tafuta la mzungu aliyekuwa anaandikiana naye. Maktaba nyingi za kule mafaili yanaitwa kwa jina la mtu ambaye karatasi zilikuwa mikononi mwake, sio la aliyeandika kila ukurasa uliomo. Chukua mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyehangaika kuyakusanya kwa wazee ni Mwalimu Sikujua, mtu wa hukohuko, lakini leo ukienda chuo cha SOAS kule London makaratasi yenyewe unayakuta kwenye mkusanyo wa W. E. Taylor, mmisionari aliyekuwa anafanya naye kazi.

Mimi miaka minne nilitafuta kwa jina la baba mdogo, patupu, mpaka siku moja mama yuko uani anapepeta uwele akasema si kuna yule mzungu wa pikipiki alikuwa anakuja kulala hapa, basi nikaanza kumtafuta huyo mzungu, na wiki ya tatu maktaba ikanitumia picha za bahasha ya kaki yenye barua 11 na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Kabla sijasoma neno nikamjua kwa herufi g yake, mkia unarudi kushoto kama ndoana. Pembeni ya methali moja kaandika kwa penseli "muulize mama". Mama huyo ni bibi yangu. Nilizima simu nikatoka nje kwanza.

Na cheza na spelingi. Mjerumani mji wenu aliuandika Mpapua.

Kwa Dodoma nianzie wapi? Hela ya kwenda Ulaya sina. (Dada wa Nkuhungu)

Anza Upanga, Dar, Nyaraka za Taifa, yako mafaili ya Mjerumani na ya Mwingereza. Mzee kama alisoma au kufundisha shule za CMS, wale wamisionari wa Kianglikana (Mvumi, Kongwa, Kilimatinde huko), kumbukumbu zao ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Ya serikali ya Mjerumani mengine yako Berlin. Nauli haihitajiki dada, andika imeili fupi yenye jina la mtu, mahali na miaka, uliza kama wanaskani na bei gani. Ukiandika tu "naomba vyote vya Wagogo" hawatakusaidia sana.

Wakinitumia naweza kuchapa kitabu? (Msomaji, Manyoni)

Karatasi ni ya maktaba, maneno ni ya aliyeandika na warithi wake. Kwa sheria yetu ya 1999 haki inadumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa, Uingereza ni 70. Kwahiyo kaeni kikao cha ukoo kwanza, kubalianeni, tena kwa maandishi.

Si walituibia? Kwanini wasirudishe? (Kaka wa Singida)

Tutenganishe kaka. Kuna mafaili ya serikali ya kikoloni yaliyosafirishwa kimyakimya wakati wa uhuru, Waingereza wakaja kukiri 2011 kwamba wanayo ya makoloni 37 ya zamani, sasa yanasomwa Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, ya Tanganyika yamo. Hilo la kudai, na mimi nadai. Ila barua mzee aliyoipeleka posta mwenyewe aliituma kwa hiari yake, pale ninachodai ni jina lake liandikwe kwenye katalogi na nakala nzima ije kwetu bure. Maktaba niliyoandikia mimi ilichukua miezi saba kuliongeza jina, lakini lipo.

Na sio kila kilichokosekana kiko nje. Mathias Mnyampala, msomi wetu wa hapahapa Dodoma, alifariki 1969 na tawasifu yake imekuja kuchapwa 2013!

Tuna sanduku la bati la babu, mchwa wameanza. (Mama wa Kondoa)

Mama, leo hii linyanyueni liwekeni juu ya matofali, mbali na ukuta. Msianike juani, msitie selotepu, na nawaomba sana msipeleke stesheneri kulaminetiwa maana ikishapikwa kwenye plastiki haitoki tena. Pini zenye kutu zitoeni taratibu. Pigeni picha kila ukurasa mbele na nyuma, kivulini karibu na dirisha, kwa mpangilio uleule mliozikuta. Bahasha kuukuu watoto wasizichomee jikoni, hata zikiwa tupu, maana nyuma yake ndo kuna jina na anwani ya mtu aliyekuwa anamwandikia.