Ute wa utumbo wa samaki: maswali yenu

Nikipasua samaki, utumbo unateleza kupita kiasi. Ni uchafu?

Si uchafu, ni kinga dhidi ya bakteria. Ni ute unaotolewa na seli zenye umbo la kikombe zilizotapakaa kwenye utando wa ndani wa utumbo. Sehemu kubwa ni maji; kinachoufanya uvutike ni protini ziitwazo musini. Musini imekaa kama brashi ya kuoshea chupa: katikati uzi wa protini, pande zote vinyweleo vya sukari. Uzito wake mwingi ni hizo sukari.

Bakteria ni mdogo mno. Utelezi utamzuiaje?

Hila iko kwenye sukari. Bakteria anayetaka kudhuru hana budi kujishikiza kwanza, la sivyo atasombwa na chakula. Wengi hushika sukari zilizo juu ya seli za utumbo, na musini zimevaa sukari zinazofanana nazo. Basi anang'ang'ania chambo, kumbe ute wenyewe uko safarini kutoka na kinyesi, na mwingine unatengenezwa nyuma yake. Ndiyo maana siupendi mfano wa wanaouita ute "ukuta", ukuta hautembei. Aeromonas salmonicida, anayewaletea samaki wa jamii ya salmoni ugonjwa wa furunkulosi, hushika musini kwa namna hii, hasa zenye asidi ya sialiki, aina mojawapo ya sukari hizo.

Humo ndani kuna kingamwili kama zetu?

Zipo, yaani protini za kinga zinazowashika vijidudu, ila samaki hana IgA, ile kingamwili inayolinda utumbo wetu sisi. Mwaka 2005 ilielezwa kingamwili ya samaki iitwayo IgT (kwa zebrafishi, samaki mdogo wa maabara, waliiita IgZ), na mwaka 2010 ikaonyeshwa kwa trauti, samaki wa jamii ya salmoni, kwamba utumboni ndiko inakotamba, ikiwafunika bakteria wa humo. Si samaki wote wanayo. Medaka, samaki mdogo wa Japani, kwa mfano, hana. Iko pia lisozimu, kimeng'enya kinachokatakata ganda la bakteria. Ute huzishikilia silaha hizi karibu na seli.

Kwa hiyo ute ukizidi, samaki yuko salama zaidi?

Hapana. Salmoni akilishwa unga wa soya kwa wingi, utumbo wake wa nyuma huvimba na mikunjo yake hufupika, na mara nyingi seli za ute huongezeka papo hapo. Ukiona ute mwingi, angalia kwanza samaki amekula nini.