Mwanangu, umeniuliza kwa nini nimemuua yule mgambo

Mama, hujambo huko Dodoma? Sisi huku Mwanza wazima tu, mvua inanyesha hovyo. Meseji yako nimeiona nikaona bora nikuandikie kirefu maana kwenye voisi za wasap naishia kukohoa tu. Umeuliza, baba wewe ulikuwa Lukaya kule Uganda kwenye vita ya Kagera ukarudi mzima, mbona mgambo wa kwenye kitabu chako anafia Lukaya, na kama vita unaijua kwa nini ukaandika riwaya, si ungeandika tu yaliyokupata.

Yaliyonipata mimi Lukaya hayajazi hata kurasa mbili, mwanangu. Tarehe 10 Machi 1979 tuko kwenye ile barabara ya Masaka kwenda Kampala, imekatiza kwenye kinamasi, kulia mafunjo kushoto mafunjo, sisi brigedi ya 201 wengi wetu mgambo ambao hata vita yenyewe hatujawahi kuiona, giza linaanza kuingia Walibya waliokuja kumsaidia nduli Idi Amin wakaanza kutumwagia maroketi. Shabaha hawakuwa nayo, mengi yalipita juu yakaangukia huko nyuma, lakini ule mlio mama we acha tu, watu wakatawanyika tukaingia majini. Usiku kucha nipo kwenye tope mpaka kiunoni, mtu akikohoa mbele yangu sijui ni wetu au ni wao. Kulipokucha nikasikia mizinga inalia upande ambao sikuutegemea kabisa, halafu tukaambiwa songa mbele, tukasonga. Basi. Mapigano makubwa kuliko yote ya vita ile, na mimi niliyekuwepo ndio hayo tu ninayo.

Kwamba kulikuwa na brigedi ya 208 iliyotembea usiku ule ule kuja kuikata barabara ya Kampala nyuma ya adui, hayo nimekuja kuyajua baadaye sana, kwa kusoma na kwa kukaa na wazee wenzangu waliokuwa huko. Sasa ukiandika maisha yako unabanwa na macho yako, na yangu usiku ule yaliona matope. Riwaya ndio ikanipa vijana wawili wa tumbo moja, mdogo, ndiye yule mgambo, yuko 201 kaka yuko 208, yule kaka anatembea gizani hajui kama mdogo wake yu hai. Na ndio maana mdogo anakufa, sio kwamba nilitaka watu walie. Kaka mtu asubuhi akimkuta mdogo wake amekaa kando ya barabara anavuta sigara, nitakuwa nimewafanyia nini wale waliolala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya pale Muleba?

Ile sufuria uliyosema umecheka peke yako kwenye basi, ni kweli tupu. Mpishi wetu alikimbia na sufuria ya maharage kichwani, bunduki ameiacha maharage hajayaacha, alfajiri tukayala yamepoa yana vijani vya kinamasi ndani, na sijala maharage matamu vile tena, mama yako asisome hapa. Yule bwana alirudi, ana wajukuu. Sufuria nimempa mgambo wangu, bunduki nimemrudishia mkononi, kabila na sura nimebadilisha, ili wajukuu wasije kusoma mambo ya babu yao kwangu. Ningeandika kumbukumbu ningelazimika kumtaja au kumficha, yote mawili siyataki.

Sura ya foleni ni ya mama yako, mimi sikuwepo. Mwalimu alisema tufunge mikanda miezi 18, ikaisha na foleni za sukari zikabaki pale pale, mama yako anafua kwa majani ya mpapai, hayo yote nimemuuliza yeye jikoni nikiwa na daftari, akinifukuza narudi kesho. Ile hotuba ya Mwalimu ya kutangaza vita, ya Novemba 1978, ndio sikuiweka, hata watoto wanaijua kwa kichwa, uwezo tunao sababu tunayo, na kila anayeandika vita ile anaanzia hapo hapo.

Wala sio mimi niliyeanza ujanja huu. Tolstoy wa Urusi alikuwa ofisa wa mizinga, akawa Sevastopol 1854 na 1855 na makombora yanaanguka, lakini riwaya yake kubwa ni ya vita ya 1812, Napoleon alipoivamia Urusi, na yeye kazaliwa 1828! Hofu ni yake, ile aliyoipata mwenyewe, vita ni ya watu waliomtangulia, na nani leo anamwita mwongo.

Umesema pia wakichapa tena niweke kwenye jalada ile picha yangu ya gwanda. Hapana mama. Wakiiona watasema mgambo ndio mimi, halafu waanze kuuliza nilifufuka lini.

Msalimie mkwe wangu.

Baba yako