Kuruka na mwamvuli: maswali yenu ya Mbeya, Iringa na Njombe

Tangu niseme hapa kwamba najifunza kuruka na mwamvuli kutoka kwenye ndege, kule Diani, Kenya, maswali ya kuku wa kienyeji yamekufa kabisa, watu wanauliza kuruka tu. Nimechukua yaliyojirudia rudia. Yale ya "umelogwa na nani" nimeyaacha kwanza.

Bro, hilo parachuti likigoma kufunguka unafanyaje? Au ndo basi tena? (Uyole)

Hili karibu kila mtu kauliza kwa hiyo tulimalize vizuri. Mgongoni unabeba begi moja lenye miamvuli miwili, mkubwa na wa akiba. Mkubwa hata mwanafunzi anafundishwa kuufungasha, ila wa akiba anaugusa fundi mwenye leseni peke yake, na Marekani sheria inataka ufunguliwe, ukaguliwe na kufungwa upya kila siku 180 hata kama haujawahi kutumika.

Sasa ukishafungua, unaangalia juu unajiuliza vitu vitatu: umekaa mraba? umetulia? unageuka na kubreki nikivuta kamba? Ukijibu ndiyo mara tatu, unaendelea na maisha. Na sio kila kasoro ni balaa, kamba zikijisokota kwa mfano unaipanua ile mikanda ya mabegani afu unapiga mateke upande wa pili mpaka zijisokotoe, ni jambo la kawaida kabisa. Ila mwanafunzi ana mstari wake, futi 2,500. Ukifika hapo mwamvuli bado haueleweki, mjadala umeisha, unakata. Upande wa kulia wa kifua kuna kishikio chekundu, unakiangalia unakishika, unahamisha macho kwenye kile cha kushoto ambacho mara nyingi ni cha chuma, unavuta chekundu mpaka mwisho, afu cha kushoto mpaka mwisho. Mwamvuli mbovu unaachia mabega yote mawili kwa mpigo, kazi ya pete tatu zilizoshikana alizobuni Mmarekani Bill Booth miaka ya 1970, na wa akiba unatoka.

Juu ya hapo vifaa vya mwanafunzi vina kamba inayounganisha miwili hiyo, yani mkubwa ukiondoka unamvuta mwenzake. Na kuna kikompyuta ndani ya begi kinachopima mgandamizo wa hewa, cha Cypres kilichotoka Ujerumani mwaka 1991 ndo maarufu, ukipita kama futi 750 bado unashuka kwa kasi ya kuanguka kinafungua akiba chenyewe. Hicho ni kwa ajili ya mtu aliyezimia au aliyepoteza akili kabisa huko juu, mwanafunzi anayekitegemea kama mpango wake wa kwanza mwalimu anamrudisha darasani.

Na haya huyasomi tu kwenye karatasi. Unaning'inizwa kwenye mikanda darasani, mwalimu anakunyanyulia picha ya mwamvuli ulioharibika juu ya uso wako, na jibu lako ni mikono, sio mdomo. Angalia, shika, angalia, shika, vuta, vuta. Mi mpaka leo nazifanya nikiwa foleni ya benki Mwanjelwa na watu wanasogea mbali nami.

Mnaopenda takwimu: chama cha waruka miamvuli cha Marekani, USPA, kiliripoti vifo 10 mwaka 2023 katika miruko kama milioni 3.65. Na vingi vya vifo vya mchezo huu mtu anakuwa na mwamvuli mzima kabisa juu ya kichwa, nitafika huko kwenye swali la kutua.

Ukidondoka tumbo linapanda kama basi likishuka Kitonga? Maana mi hata Kitonga tu nafumba macho. (Ilula)

Hapana, na watu hawaamini nikisema. Tumbo linapanda pale unapotoka kwenye kusimama ghafla ukaanza kushuka, sasa we ukitoka mlangoni ndege inakwenda mbio na wewe tayari unakwenda nayo, upepo unakupokea kwa mbele, kasi inageuka taratibu kutoka mbele kwenda chini. Kama sekunde kumi hivi unafika kilomita 190 au 200 kwa saa na hapo haizidi tena, hewa inakubeba, unahisi umelalia kitu kinachokusukuma juu. Kelele ndo inayoshangaza, upepo unaunguruma masikioni huwezi kusikia hata mawazo yako.

Kitonga usifumbe macho, mandhari nzuri pale.

Kamwene kaka. Hivi mara ya kwanza unaruka peke yako kweli au unafungwa na mtu? Na wale wanajeshi wa sherehe za Uhuru nao walianza hivyo? (Mafinga, dada)

Kamwene dada. Kuna njia tatu. Ya kufungwa kifuani kwa mwalimu, ile wanayofanya watalii, hapo we ni abiria. Ya pili ni ya kijeshi zaidi, mwamvuli wako unafunguliwa na kamba iliyofungwa kwenye ndege, ukitoka tu unafunguka, na ndivyo askari wa miavuli duniani kote wanavyoanza. Wale wa sherehe wanaoshuka uwanjani na bendera ni watu wa miaka mingi, usijilinganishe nao.

Ya tatu ndo niliyoingia mimi, ilianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unakaa darasani siku nzima, afu mruko wa kwanza kabisa unavaa vifaa vyako mwenyewe, mnatoka mlangoni watatu, mwalimu mmoja ubavu wa kushoto na mwingine wa kulia wamekushika mikanda. Mnatoka kama futi 13,000. Kazi yako: tumbo mbele, mgongo umejikunja kama upinde, angalia upeo wa macho, angalia altimita mkononi (saa ya kupima kimo), mwangalie mwalimu huyu, mwangalie yule. Afu unafanya mazoezi ya kugusa kishikio cha kufungulia mwamvuli mkubwa. Kimekaa chini ya begi usawa wa nyonga ya kulia, hukioni, unakitafuta kwa vidole tu. Na mkono wa kulia ukienda nyuma lazima wa kushoto uende juu ya kichwa, ukiusahau unaanza kugeuka. Unagusa, unarudi, unagusa tena, na katikati unasoma altimita. Ikifika futi 5,500 hivi unapunga mikono na unavuta. Kutoka mlangoni mpaka hapo ni sekunde 45 hivi, na nakuambia ukweli watu wengi mruko wa kwanza wanakumbuka mlango, afu wanakumbuka mwamvuli umefunguka, katikati hamna kitu.

Ndo maana walimu hawajali sana nani jasiri. Jasiri anayesahau altimita anawatisha kuliko mwoga anayeisoma kila sekunde tano. Nimeona jamaa mkubwa wa mwili, maneno mengi kwenye gari, karudishwa hatua ile ile kwa sababu alikuwa anafurahia mawingu. Hatua ni saba au nane kutegemea shule, kila moja unafaulu au unarudia kwa hela yako, na leseni ya kwanza kwa mfumo wa USPA ni miruko 25.

Kwa nini tusiruke hapa hapa? Songwe uwanja upo, Nduli upo, mpaka twende Kenya kweli? (Sokomatola)

Swali tamu hili. Kuna habari ya vibali kwanza, kuangusha watu kutoka kwenye ndege kunapitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na unahitaji ndege inayoruhusiwa kuruka mlango wazi, rubani anayejua, walimu, fundi. Lakini tuseme yote hayo tumepata.

Songwe ipo kama mita 1,340 juu ya usawa wa bahari. Ukitaka kutoka futi 13,000 juu ya uwanja ndege inabidi ifike kama mita 5,300, yani mita 600 tu na Kibo. Sheria za USPA zinataka oksijeni ya ziada ukivuka futi 15,000 za usawa wa bahari, na pale utakuwa umezidi futi 17,000. Kwa hiyo ungebeba mitungi au ungetoka chini zaidi, na kila futi 1,000 unayopunguza imekula kama sekunde tano na nusu za mwanafunzi, ambaye hizo sekunde anazihitaji kuliko mtu yeyote.

Afu hewa yetu nyepesi. Mwamvuli ule ule na mtu yule yule, ukitua Mbeya mjini unakwenda kasi zaidi kwa asilimia 8 hivi kuliko ukitua ufukweni Diani. Inaonekana ndogo mpaka miguu iguse chini. Altimita yenyewe haina neno, unaiweka sifuri pale pale uwanjani kabla ya kupanda, kosa ni kuiweka sifuri sehemu moja ukatue sehemu nyingine yenye kimo tofauti, na huku kwetu milima na mabonde vimepangana tu.

Upepo nao. Makambako hapana, naombeni tusijadili Makambako. Mwanafunzi kwa USPA mwisho ni maili 14 kwa saa, kama kilomita 22, ukizidi unakaa chini unakunywa chai. Na baridi: hewa inapoa kama nyuzi sita na nusu kila kilomita unayopanda, kwa hiyo mwezi wa sita Mbeya ikiwa nyuzi 15 chini, kule juu mlangoni ni chini ya sifuri na we unatakiwa ukitafute kishikio kwa vidole ambavyo huvisikii.

Simaanishi haiwezekani, Afrika Kusini karibu na Johannesburg wanaruka kila wikiendi na wako juu kama sisi. Ila kujifunzia, mi ningekushauri usawa wa bahari, hewa nzito, uwanja tambarare.

Nina kilo 108, nitaruhusiwa? (Njombe)

Sehemu nyingi mwisho ni kilo 100 hivi, zingine chini ya hapo, kwa sababu ya ukubwa wa miamvuli waliyonayo na mikanda. Piga simu kabla ya nauli. Na usidanganye kilo, mzani upo pale mapokezi.

Kutua je, magoti yanabaki? Mimi ni winga wa timu ya mtaa, siwezi kuvunjika. (Ilomba)

Kwa mwamvuli wa mwanafunzi, ambao ni mkubwa makusudi, ukifanya vizuri unatua umesimama unapiga hatua mbili tatu. Una dakika tano sita hivi hewani, kuna redio kwenye kofia, mtu wa chini anakuongoza "geuka kushoto, ngoja, ngoja". Futi 1,000 unakwenda na upepo mgongoni kupita pembeni ya uwanja, futi 600 unakata kona, 300 unageukia upepo uso kwa uso na kuanzia hapo hugusi kitu mpaka kama futi 10 au 12, ndo unavuta kamba zote mbili chini pamoja, taratibu lakini mpaka mwisho.

Kosa la wote ni kuangalia ardhi chini ya miguu, inakuja juu mbio unavuta mapema, mwamvuli unasimama ukiwa bado juu afu unakudondosha. Macho mbele, angalia mwisho wa uwanja. Ukiona mambo hayaeleweki miguu pamoja, magoti yamelegea, ubiringike, usinyooshe mguu mmoja kutafuta ardhi kama winga.

Na ile niliyoahidi juu: usigeuke ukiwa chini. Mwamvuli ukigeuzwa kwa nguvu unapiga mbizi, na futi 100 hazitoshi kunyooka. Umeona mti mbele, umeona ng'ombe, umekosea uwanja, hamna shida, kwepa kidogo kidogo, bora utue kwenye shamba la viazi mwamvuli umenyooka kuliko utue uwanjani unazunguka. Hapo ndo wanakufa watu wenye vifaa vizima.

Naweza kwenda na mafua? Huku baridi hii mafua hayaishi. (Makete)

Usiende. Unashuka karibu kilomita nne ndani ya dakika chache, masikio na matundu ya ndani ya mifupa ya uso yakiwa yameziba yanauma vibaya sana na ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Dawa ya kufungua pua isikudanganye, inaweza kuisha nguvu ukiwa juu.

Shikamoo kaka. Mama yangu Tukuyu kasema nikiruka nisirudi nyumbani. Nimfiche? (Mwanafunzi, MUST)

Marahaba. Usimfiche, kuna fomu utasaini inauliza jina na namba ya ndugu wa kupigiwa, sasa akipigiwa yeye kwa habari ya kifundo cha mguu ndo ajue uko Kenya? Mpelekee mtu mzima wa kuongea naye, mjomba au baba mdogo, akamwelezee miamvuli ni miwili, hilo linatuliza wazazi wengi. Akikataa kabisa subiri umalize chuo, ada anayolipa ni yake, na kujifunza kuruka ni gharama ya kila mruko, unalipia nafasi yako kwenye ndege, nafasi za walimu wawili, na kukodi vifaa. Boom halitoshi.

Nitarekodi na simu? (wengi sana)

Hapana. Ukiidondosha kutoka futi 13,000 umemuua mtu. Hata kamera ya kwenye kofia USPA inashauri uwe na miruko 200 kwanza, kwa sababu inakula akili na inaweza kunasa kamba. Mlipe mwalimu mwenye kamera, au mwache rafiki yako chini achukue ya kutua.