Umeita, lakini umeshika nini?

Ukiajiriwa Nairobi kuandika programu za wavuti, utakabidhiwa kazi ya malipo ya M-Pesa mapema kuliko unavyodhani. Mimi niliipata wiki ya tatu. Mteja wetu alikuwa mama muuza viatu wa Gikomba. Niliandika methodi, yaani kipande cha msimbo chenye jina kinachofanya kazi kinapoitwa, ya kutuma ombi la malipo kupitia Daraja, mfumo ambao Safaricom imewafungulia waandishi wa programu. Jibu likarudi na ResponseCode 0, nami nikaandika kwenye hifadhidata kwamba oda imelipwa. Jozi mbili zilikuwa zimeshafika Rongai kwa boda boda ndipo mama akapiga simu kuuliza pesa ziko wapi.

Hiyo 0 haisemi mtu amelipa. Inasema ombi limepokelewa. Wakati huo mnunuzi hata PIN hajaweka. Tokeo la malipo huja baadaye, kwenye anwani uliyoitaja ulipotuma ombi, likiwa na ResultCode: 0 amelipa, 1032 ameghairi. Wetu alikuwa ameghairi.

Tangu siku hiyo, nikikagua msimbo wa anayeanza kazi, swali langu ni hilohilo: ameita, sawa, lakini alichoshika mkononi ni nini?

Tazama mabano. Ukiandika jina la methodi bila mabano hujaiita, umeitaja tu, na lugha za programu kama Python na JavaScript hazitalalamika. Katika Django ya zamani, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, is_authenticated, inayouliza kama mtu ameingia, ilikuwa methodi. Aliyesahau mabano ndani ya if, yaani mahali pa kuweka sharti, alipata sharti ambalo ni kweli daima: mlango wazi kwa kila mtu, awe ameingia kwa nywila au la. Toleo la 1.10, mwaka 2016, liliigeuza kuwa sifa isiyohitaji mabano. Ndiyo maana ukinakili mafunzo ya kale, mabano yakiwemo, Django ya leo itakukatalia papo hapo. Kosa la namna hiyo ni rafiki yako. Liogope lile lililonyamaza.

Katika JavaScript, ukisahau await, neno la kuamuru msimbo usubiri jibu, mbele ya methodi inayosubiri seva, unapewa Promise, na jina lake ni la haki kabisa: ni ahadi. Ukiiweka ndani ya if, ahadi huhesabika kuwa kweli hata kama jibu lenyewe, likifika, litakuwa hapana. Na katika Python usiandike orodha = orodha.sort(), kwa kuwa sort hupanga palepale na kurudisha None, yaani hakuna kitu, nawe utabaki huna orodha.

Kabla ya kuniletea kazi ya malipo, chukua simu yako utume ombi la shilingi 1. Mara ya kwanza lipa. Mara ya pili ghairi. Mara ya tatu iache simu mezani, usiiguse. Kisha fungua hifadhidata, tusome pamoja oda hizo tatu zimeandikwaje.