Jibu: Nusu uso kizani kwa flashi moja, kwenye chumba cheupe

Mkuu uliyefungua uzi, umesema una flashi moja na mwavuli mweupe, unataka nusu ya uso iingie kizani, lakini kila ukipiga picha inatoka imeng'aa kote kama ya pasipoti. Unauliza ununue taa ya pili? Usinunue. Chumba ndicho kinachokuharibia.

Mimi napigia Lamu, mtaa wa Langoni, kwenye chumba cha nyumba ya kale: chembamba, kirefu, kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa. Kukaa ndani ni raha, ila kwa kazi unayoitaka ni balaa. Mwavuli unamwaga mwanga kila upande, chokaa inaurudisha, nao unaingia kwenye shavu ulilotaka libaki jeusi. Kwa hiyo toa mwavuli. Weka softboksi ndogo (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga) yenye gridi, wavu unaozuia mwanga usitawanyike, au mfuko ukikataa, zungushia flashi karatasi nyeusi ili mwanga utoke mbele tu. Kisha tundika kitambaa cheusi upande wa kivuli, karibu na shavu kadiri uwezavyo bila kuingia kwenye fremu. Mimi natumia kaniki. Satini achana nayo, inang'aa.

Sasa ukuta wa nyuma. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, inabaki robo. Mkalishe mtu mita 3 mbele ya ukuta. Flashi ikiwa mita 1 kutoka usoni, ukuta uko mita 4 kutoka kwenye flashi, basi unapata sehemu 1 ya 16 tu ya mwanga unaoupata uso. Chokaa ile ile inageuka kijivu kizito, wala hukununua pazia. Rudisha flashi hadi mita 3 uone: ukuta sasa unapata robo, weupe umerudi.

Kamera iweke ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi), shata 1/160 ya sekunde, upige kwanza flashi ikiwa imezimwa. Picha itoke nyeusi tii. Ukiona hata ufito wa mwanga, kuna dirisha hujafunga.

Pa kuweka taa: anzia nyuzi 45 kwa upande, juu kidogo ya macho, kisha mgeuze mtu taratibu hadi pembetatu ndogo ya mwanga ichomoze chini ya jicho la upande wa giza. Mkao huo wa taa umepewa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Ukifika nyuzi 90, uso unakatika katikati. Huo siupendi sana. Bondia unamfaa, lakini mzee wa heshima unamfanya afanane na mshukiwa kituoni.

Na akija mzee na kanzu, pima mwanga kwa kanzu, si kwa uso. Kanzu ikiungua, yaani ikitoka nyeupe tupu bila mikunjo, haina dawa, hata kwenye kompyuta. Kofia ya vito, ile iliyodariziwa vitundu, ndiyo inayonifurahisha zaidi: ukiilenga kutoka mbele inaonekana kitambaa tu, mwanga ukiiparuza kwa ubavu kila tundu la sindano linasimama. Ngozi nyeusi nayo ni hivyo hivyo, umbo lake linasomeka kwenye mng'ao. Basi futa jasho (joto letu mnalijua) lakini usimpake poda mpaka uso ufe.

Buibui mbele ya giza ndiyo mtihani. Mtu anapotea, unabaki uso unaoelea. Sogeza taa nyuma kidogo ya usawa wa bega lake, mgeuze uso aielekee, ukingo wa mtandio utashika mwanga. Bega la pili bado halionekani? Egemeza kioo cha kabati nje ya fremu, upande wa pili, mahali ambapo mwanga wa flashi unakifikia, ukielekeze begani. Taa ya pili uliyotaka kununua ingefanya kazi hiyo hiyo, kwa hela.