"Kula" ni ya nani? Maswali yenu ya wiki hii

Wiki hii mmeniandama na kitenzi kimoja tu, haya twende.

Tukuyu: Sisi Wanyakyusa tunasema "ukulya", Kiswahili "kula". Nani kamuibia mwenzie?

Hakuna mwizi hapo ndugu yangu, wote mmerithi. Wahehe na Wabena wanasema kulya, Wachewa kule Malawi kudya, Waganda okulya, Wazulu kule Afrika Kusini ukudla. Wataalamu wanasema neno mama lilianza na d, kila lugha ikaja kuitamka kivyake, na hao wazee wa Kibantu wa mwanzo walikaa huko mpakani mwa Kameruni na Nijeria miaka zaidi ya 4000 iliyopita, kwahiyo neno limemzidi umri Mswahili na Mnyakyusa wote wawili. Guthrie, mtaalamu wa lugha, alipozipanga lugha za Kibantu kwa kanda na kuzipa herufi, Kihehe alikiweka G pamoja na Kiswahili, Kinyakyusa akakitupa M huko, ila kwenye kula wote mpo meza moja.

Mafinga: Kwanini "nakula" na sio "nala"?

Shina ni -la tu, silabi moja, na mkazo wetu unakaa silabi ya pili toka mwisho, sasa hiyo "na" ya wakati haibebi mkazo, ndo maana ku inabaki kuubeba. Amekula, atakula, hivyohivyo. Ila sili, hali, nile, ku inasepa. Kunywa na kufa nazo ziko hivyo.

Makambako: Mkono wa kulia na kulia machozi ni ndugu?

Wala! Na hapa ndo patamu. Mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, Wazulu wanasema kabisa isandla sokudla, yaani mkono wa kula. Ya machozi ilikuwa na l nyingine katikati, Wanyakyusa bado wanayo, ukulila, Wachewa kulira, sisi tumeimeza kama tulivyoimeza kwenye njia wakati Wanyakyusa wa Rungwe wanasema injila.

Mwanjelwa: Watu wanaandika "kupiga kula", ni sawa?

Sio sawa, ni kura, imetoka Kiarabu, haina undugu na ugali. Ila Waganda mtu akipewa uchifu wanasema kaula, okulya obwami, kwahiyo hao wa "kula" labda wanajua wanachokiongelea.