Fundi wa Kodi: Kwa nini ifeq haioni thamani niliyoweka?

SWALI: Ninatumia GNU Make (chombo kinachojenga programu kwa kufuata maagizo ya faili liitwalo Makefaili) kukompaili programu ya C. Makefaili yangu ina mistari hii:

HALI = kawaida
CFLAGS = -Wall
jaribio: HALI = debagi
jaribio: programu
ifeq ($(HALI),debagi)
CFLAGS += -g -O0
endif

Nikiendesha `make jaribio`, echo ndani ya kanuni inaonyesha HALI ni debagi, lakini gcc (kikompaili cha C) haipewi -g, chaguo la kuweka taarifa za debagi ambalo niliongeza kwenye CFLAGS, yaani chaguo za kikompaili. Kosa liko wapi?
Msomaji, Kasarani, Nairobi

JIBU: Make hufanya kazi kwa awamu mbili. Kwanza husoma faili lote, na hapo hapo huamua kila ifeq (sharti la "ikiwa sawa"). Amri za kanuni huja baadaye. Thamani uliyoifunga kwa lengo (kitu cha kujengwa) la jaribio huanza kutumika awamu ya pili tu, kwa hiyo ifeq ilikuta "kawaida" ikapita zake. Hakikisha mwenyewe: juu ya ifeq weka

$(info HALI ni [$(HALI)])

Utaona [kawaida]. Usiache mabano hayo, maana yanafichua pia nafasi iliyobaki mwishoni mwa thamani. Ukiandika `HALI = debagi # maelezo`, ile nafasi kabla ya alama ya reli inaingia ndani ya thamani na ulinganisho unakataa. Dawa yake ni $(strip $(HALI)), inayoondoa nafasi hizo.

Kwa tatizo lako, futa ifeq yote, uandike:

CFLAGS = -Wall $(if $(filter debagi,$(HALI)),-g -O0,-O2)

Lazima iwe `=`, si `:=`. Alama ya `=` huacha maneno yalivyo hadi yatakapohitajika; `:=` huyakokotoa papo hapo, nawe utarudi palepale ulipokwama. Ukipenda kubaki na ifeq, endesha `make HALI=debagi programu`: thamani ya mstari wa amri hujulikana kabla faili halijasomwa, na huishinda ile iliyoandikwa ndani.

Usianze mstari wa ifeq kwa tabu chini ya kanuni. Make itaudhani ni amri na kuutupia sheli, nayo italalamika.

Tena, Make hulinganisha saa za mafaili, haijali kwamba CFLAGS imebadilika. Faili za .o (matokeo ya kukompaili) za jana zitabaki bila -g hadi uzifute, au utenge folda mbili, moja ya debagi na nyingine ya kawaida.